Mbalanga haiambukizi: Ni askari wa mwili waliokosea adui

Ukishuka matatu pale Kengeleni, Frere Town, kabla jua halijapanda, utamkuta mama mmoja akikaanga mahamri. Mahamri yake ni laini, yana iliki ya kutosha, na kwa miaka mingi wafanyakazi wanaokimbilia vibarua kule Nyali na kisiwani walikuwa wakipiga foleni mbele ya karai lake. Kisha mabaka meupe yakaanza kumtoka. Kwanza yalikuwa madogo, kwenye ncha za vidole. Baadaye yakapanda nyuma ya viganja, halafu yakazunguka midomo na macho. Foleni ikaanza kupungua. Mteja mmoja ambaye hakuwahi kukosa hata siku moja alifika asubuhi, akaitazama ile mikono iliyokuwa ikisukuma unga, akasema leo hana njaa. Akavuka barabara na kununua kwa mwingine.

Huenda nawe, msomaji, umewahi kufanya hivyo. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba siku ya kwanza naye alisita.

Majirani hawakukosa la kusema. Wapo walionong'ona kuwa ni ukoma. Wengine walidai mama huyo alikula samaki kisha akanywa maziwa juu yake, imani ambayo utaisikia kutoka Bara Hindi hadi Arabuni na ambayo hapa Pwani ina wafuasi tele, ingawa hakuna uthibitisho wowote wa kitaalamu kwamba samaki na maziwa vinaweza kumtoa mtu rangi. Na kama kawaida hawakukosekana waliosema karogwa.

Maradhi hayo huitwa mbalanga, na wazee wengine wa Pwani huyaita barasi. Madaktari huyaita vitiligo. Hayaambukizi kwa kugusana, kwa kula sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa mahamri. Wake kwa waume hupatwa kwa kiasi sawa, na karibu nusu ya wagonjwa huanza kuyaona mabaka kabla ya kutimiza miaka 20. Ulimwenguni inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 200, pengine hata mmoja kati ya 100, anayo mbalanga. Jaza matatu 14 za abiria 14 pale stejini Kengeleni, na yamkini mmoja wa abiria hao anayo, hata kama ameificha ndani ya nguo.

Chembechembe za rangi

Ili kuelewa kilichompata mama wa mahamri, sharti tuanze na rangi yenyewe.

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi mna chembechembe ziitwazo melanosaiti. Zina mikono mirefu kama pweza, na kila moja huhudumia chembechembe nyingine za ngozi zipatazo 36 zilizo jirani yake, ikizigawia vifuko vidogo vya rangi iitwayo melanini. Vifuko hivyo hukaa juu ya kiini cha kila chembe kama mwavuli na kukikinga dhidi ya jua kali. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Mzungu wa Norway na Mgiriama wa Kilifi wana melanosaiti ambazo idadi yake inakaribiana sana. Tofauti iko katika wingi wa rangi inayotengenezwa, aina yake, na ukubwa wa vile vifuko.

Hapo ndipo unapoona pia tofauti kati ya mbalanga na ualbino, mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na melanosaiti zake, ila haziwezi kutengeneza rangi ipasavyo. Mwenye mbalanga alizaliwa na melanosaiti zinazofanya kazi vizuri, kisha zikauawa. Baka jeupe ni mahali ambapo chembechembe hizo hazipo tena.

Na muuaji ni nani? Ni askari wa mwili wake mwenyewe.

Wakenya wengi walijifunza kuhusu chembechembe za CD4 kutokana na UKIMWI, kwani kila aliyepimwa aliambiwa CD4 zake ni ngapi. Tunaweza kusema CD4 ni makamanda. Ndugu zao, CD8, ndio askari wanaotumwa kuua. Kazi yao halali ni kuzitafuta chembechembe zilizoingiliwa na virusi, au zilizogeuka kuwa saratani, na kuziangamiza. Wote hupitia mafunzo katika tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na huko askari yeyote anayeonekana kuwa na hasira na mwili wenyewe huondolewa kabla hajahitimu. Lakini mchujo huo haukamiliki. Wapo wanaopenya. (Hakuna chuo cha askari duniani ambacho hawapenyi.) Kwa watu wengi hao waliopenya hulala tu maisha yao yote. Kwa mwenye mbalanga, wameamshwa.

Wenyeji wa Frere Town hawana haja ya kutafuta mbali mfano wa jinsi wanavyoamshwa. Mji huu ulianzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, ukapewa jina la Sir Bartle Frere. Ile kengele iliyoipa Kengeleni jina lake ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja, na watu wakikusanyika kujihami. Ngozi nayo ina kengele yake. Melanosaiti inapotaabika, iwe kwa kemikali, kwa kujeruhiwa au kwa sababu ya kazi yenyewe ya kutengeneza rangi, ambayo huzalisha taka zenye sumu, hutoa ishara ya hatari. Askari wa CD8 wakifika wanamwaga kemikali iitwayo interferoni gama. Chembechembe za ngozi zikiionja kemikali hiyo, zenyewe zinatoa mwito wa kuwaita askari zaidi. Askari zaidi wakija, interferoni inazidi, na mwito unazidi. Kengele inawaita askari na askari wanaipiga kengele, na mwizi hayupo.

Hivyo ndivyo baka la ukubwa wa shilingi linavyofika ukubwa wa kiganja.

Hatari za madukani

Kwa nini kengele ilie kwa huyu na isilie kwa yule? Urithi una sehemu yake. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ana jamaa mwenye maradhi hayo. Lakini urithi si kila kitu. Katika mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa na mbalanga, mwenzake huipata kwa kadiri ya asilimia 23 tu. Kwa hivyo kuna jambo la nje linalochangia, na hapa mkazi wa Mombasa anapaswa kusikiliza kwa makini.

Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama waliokuwa wakivaa glavu za mpira. Mikono yao iligeuka meupe. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpira wa glavu hizo ulitiwa monobenzoni, kemikali iliyo jamaa ya haidrokwinoni, ile inayotiwa katika krimu za kujichubua. Mnamo 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani ililazimika kurudisha krimu zake za kung'arisha ngozi kutoka madukani, baada ya maelfu ya wanawake kutokwa na mabaka meupe usoni na shingoni. Kemikali iliyotumika hufanana sana na malighafi ambayo melanosaiti hutumia kutengeneza rangi. Melanosaiti huipokea kama chakula, nayo inageuka sumu ndani yake.

Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini anayejua vichochoro vya soko anajua vinapouzwa. Isitoshe, kuna piko, ile rangi nyeusi wanayopakwa maharusi wetu. Hina halisi haina tatizo hilo. Piko, sawa na rangi nyingi za kutia nywele weusi, mara nyingi huwa na kemikali ambayo madaktari wameiona ikiwachoma watu ngozi na hata kuwaachia alama nyeupe pale maua yalipochorwa. Baadhi ya malapa ya mpira pia yamewahi kuwaachia watu mistari meupe miguuni yenye umbo la kanda zake. Ukiona hivyo, yavue na uyatupe.

Jambo jingine ambalo ni muhimu kwa anayekimbilia dawa za kuchoma: ngozi ya mwenye mbalanga inapokwaruzwa, kuungua au kuchanjwa, baka jipya linaweza kutokea palepale penye jeraha. Wengi wamekwenda kwa waganga na baka moja, wakapakwa dawa kali ya kubabua, na wakarudi na matano.

Upande wa pili wa shilingi

Sasa tugeuze maneno. Kuna wagonjwa ambao daktari anafurahi akiona mabaka meupe yamewatoka.

Melanosaiti ileile inayouawa katika mbalanga inaweza kuasi na kuwa saratani. Saratani hiyo, melanoma, ni miongoni mwa saratani kali za ngozi. Wazungu hupatwa zaidi kwa sababu ya jua. Kwa watu weusi ni nadra. Nchini Marekani hutokea kwa takriban mtu mweusi mmoja katika kila 100,000 kwa mwaka. Lakini kwetu haikai mahali unapopatarajia. Hujificha kwenye wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha, sehemu ambazo jua halifiki sana, na kwa sababu hakuna anayezitazama hugunduliwa ikiwa imechelewa.

Mwimbaji Bob Marley ndiye mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1977 kidonda cha kidole gumba cha mguu wake wa kulia, kilichodhaniwa kuwa jeraha la mpira, kilibainika kuwa melanoma chini ya ukucha. Alikataa kidole kisikatwe kizima. Saratani ilienea hadi kwenye ubongo, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki mjini Miami akiwa na umri wa miaka 36.

Katika miaka ya 1990 wanasayansi waliokuwa wakitafuta ni kitu gani askari wa CD8 hukitambua kwenye melanoma walipata jibu la ajabu. Askari hao hawakuwa wakitambua kitu kigeni. Walikuwa wakitambua vifaa vya kawaida vya kutengeneza rangi: tairosinasi, na protini iliyopewa jina MART-1 mwaka 1994. Vifaa hivyo vimo katika kila melanosaiti yenye afya, ndivyo pia vinavyolengwa katika mbalanga. Askari ni wale wale na shabaha ni ile ile. Anayemnyima mama usingizi Frere Town angeweza kumwokoa mgonjwa wa saratani.

Mbona basi hamwokoi kila mara? Kwa sababu saratani ni janja. Huwaonyesha askari kitu kama cheti cha kupita, nao wanapokiona hushusha silaha. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani ndio waliogundua, kila mmoja kwa njia yake, jinsi ya kuzuia hila za namna hiyo, na mwaka 2018 walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba. Dawa ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Kabla ya hapo wagonjwa wengi ambao melanoma yao ilikuwa imesambaa mwilini hawakumaliza mwaka. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa 2019, zaidi ya nusu kidogo ya waliopewa dawa mbili za aina hiyo kwa pamoja walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Na baadhi yao walitokwa na mabaka meupe. Madaktari walipofuatilia waliona kwamba hao kwa jumla waliishi muda mrefu kuliko wale ambao ngozi yao haikubadilika. Askari walipofunguliwa walishambulia saratani, na njiani wakazipiga pia melanosaiti zisizo na hatia. Halikadhalika, uchunguzi uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa 2013 ulionyesha kwamba watu wenye mbalanga ya kawaida hupatwa na melanoma mara tatu pungufu kuliko wenzao.

Hata hivyo, tusidanganyane. Dawa hizo ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi za huku kwetu, na melanoma ya nyayo, ambayo ndiyo yetu, huzitii kwa shida kuliko ile ya Wazungu. Kwetu dawa iliyo bora ni kuiona mapema. Kwa hivyo leo usiku, ukiosha miguu, geuza wayo uutazame. Alama nyeusi inayokua, yenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa ambacho unakisingizia msumari uliokanyaga zamani, mwonyeshe daktari. Kuhusu kucha, watu weusi wengi huwa na mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na hilo ni jambo la kawaida. La kuogopa ni mstari mmoja mpya, katika ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au ambao weusi wake umetambaa hadi kwenye ngozi ya pembeni.

Nimeshangaa mara nyingi. Tunamkimbia mwenye baka jeupe lisiloweza kumdhuru yeyote, na tunatembea miaka miwili na baka jeusi chini ya mguu.

Kutofautisha

Hofu ya ukoma haikutoka hewani. Ukoma bado hugunduliwa katika kaunti za Pwani kama Kilifi na Kwale. Husababishwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari wa Norway, Armauer Hansen, mwaka 1873, na unapona kabisa kwa vidonge vya miezi sita au 12, ambavyo tangu 1995 hutolewa bila malipo. Baka la ukoma huwa limefifia au lina wekundu, si jeupe kama maziwa. Zaidi ya hayo limekufa ganzi. Ukilipitishia uzi wa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hahisi. Mwenye mbalanga anahisi kila kitu. Madoadoa yaliyopauka ya kifuani, mgongoni na shingoni, yenye magamba membamba, aghalabu ni ukungu unaopenda joto na jasho la Mombasa, na dawa za fangasi huuondoa. Bora zaidi ni kutojitibu kwa kubahatisha. Afisa wa kliniki anayejua ngozi anaweza kukuambia kwa dakika chache. Wengi wa aina hiyo wamefunzwa katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Tiba ya mbalanga ipo, ila inataka subira ya miezi, si siku. Krimu za steroidi au takrolimasi, kwa maagizo ya daktari, huwatuliza askari. Mwanga maalumu wa taa za hospitali huwatuliza askari na pia kuziamsha melanosaiti. Wamisri wa kale walitumia mmea na jua kwa kazi hiyo, na katika miaka ya 1940 daktari El Mofty wa Cairo aliutoa mmea huo katika uganga na kuuingiza katika tiba ya kisasa. Usijaribu nyumbani, kwani mimea hiyo pamoja na jua la saa saba huchubua ngozi kama maji ya moto. Mnamo Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, ya kwanza iliyokusudiwa hasa kurudisha rangi ya wenye mbalanga. Hiyo huikata kamba ya kengele: chembechembe za ngozi hazisikii tena interferoni, hivyo haziiti askari.

Rangi mpya hutoka wapi? Ndani ya mashimo ya vinyweleo, ambako baadhi ya melanosaiti hujificha. Ndiyo maana uponyaji huanza kama vidoti vya kahawia kuzunguka nywele, ndiyo maana uso hupona upesi, na ndiyo maana midomo na ncha za vidole, zisizo na nywele, ni wagumu. Ikiwa nywele za ndani ya baka nazo zimekuwa nyeupe, akiba hiyo imekwisha. Baadhi ya askari hubaki wamelala ndani ya ngozi hata baada ya kupona. Mtu akiacha tiba, kadiri ya mabaka manne kati ya kumi hurejea katika mwaka wa kwanza. Wakati huo wote lifunike baka dhidi ya jua, na umwombe daktari akupime tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwani askari wakosaji hupenda kuishambulia hiyo pia.

Mama wa Kengeleni alikwenda kuonwa. Alifumbishwa macho akapitishiwa pamba, na akaihisi kila ilipomgusa. Sasa ni mwezi wa saba anapaka dawa. Mashavuni na pembeni mwa macho vidoti vya kahawia vimeanza kuungana. Vidole bado ni vyeupe, na ameambiwa huenda vikabaki hivyo. Binti yake alimshauri avae glavu anapokanda. Alikataa, akisema watu wataona anaficha kitu. Yule mteja aliyevuka barabara amerudi, ila hununua mbaazi peke yake. Mahamri, asema, bado anafikiria.